Muhali wa Miaka Mia Moja: Jinsi Picha za Mifupa Zilivyomsemea Mtoto Mchanga



Mwezi uliopita tulikaa kwenye arobaini ya mwenzetu mmoja. Mzazi keshakandwa na kufukizwa udi, mtoto anapokezanwa mapajani kutoka bibi huyu hadi yule, na mazungumzo yakafika kwenye habari za hospitali. Mama mmoja akatuhadithia yaliyomkuta. Mwanawe wa mwaka mmoja na miezi mitatu aliteleza kwenye sakafu iliyorowa, akawa hataki kukanyaga. Kwanza walimpeleka kwa mtaalamu wa kuunga viungo, akakandwa na kufungwa. Siku ya tano, uvimbe haujashuka, wakaenda hospitali. Daktari akataka picha za mguu, kisha akataka picha za mwili mzima. Akauliza maswali: nani alikuwa na mtoto, saa ngapi, aliangukia wapi, kwa nini wamechelewa. Mkwe wake akahamaki palepale. "Kwani sisi tumemuua nani hata tuhojiwe hivi?"

Pale ukumbini tuligawanyika. Wengine walisema daktari kakosa adabu, wengine wakasema ndiyo kazi yake. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kueleza kwa nini mguu mmoja ulioumia ulete picha za mbavu, fuvu na mikono. Basi tukarudi nyumbani tukasoma. Tulichokikuta ni kisa kirefu, kilichoanzia Paris na New York, na ndani yake tumeliona jambo tunalolijua sana hapa visiwani kwetu. Tumeuona muhali: ule uzito wa kusema jambo baya juu ya mtu wako, hata kama unaliona kwa macho yako.

Paris, mwaka 1860

Alikuwepo Ufaransa daktari aliyeitwa Ambroise Tardieu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na majeruhi kwa ajili ya mahakama. Mwaka 1860 alichapisha uchunguzi juu ya watoto waliotendewa ukatili na wale waliowalea. Alikusanya visa 32, na 18 kati ya hivyo mtoto alikufa. Alieleza michubuko, alama za kuungua, mifupa iliyovunjika na damu iliyovujia kwenye ubongo. Akasema wazi kwamba wengi waliofanya hayo ni wazazi wenyewe.

Tardieu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa daktari mwenye heshima kubwa mjini kwake. Hata hivyo maneno yake yalipita kama upepo wa kaskazi. Madaktari wenzake waliendelea na shughuli zao. Mzazi ni mzazi, walifikiri, na maelezo yake ndiyo maelezo. Mtoto mchanga hawezi kumkanusha.

Msichana wa New York na mwanamke aliyekataa kunyamaza

Mwaka 1874 New York kulitokea kesi iliyotikisa Marekani yote. Msichana aliyeitwa Mary Ellen Wilson, wa umri wa miaka kumi hivi, alikuwa akiishi na mama wa kulea aliyempiga na kumfungia ndani. Majirani walikuwa wakisikia. Mmoja wao hatimaye alimwambia mwanamke aliyekuwa akiwatembelea maskini wa mtaa ule, jina lake Etta Wheeler.

Bi Wheeler alitafuta sababu ya kuingia nyumba ile, akamwona mtoto kwa macho yake. Akaenda kwa wenye mamlaka, akarudishwa. Akaenda kwa wenye taasisi za hisani, akarudishwa. Mwisho akamwendea Henry Bergh, mtu aliyejulikana kwa kutetea wanyama wanaoteswa. Bergh akatafuta wakili, mtoto akafikishwa mbele ya hakimu, na mama yule wa kulea akafungwa mwaka mmoja. Kutokana na kesi hiyo ikaundwa New York jumuiya ya kuwakinga watoto na ukatili.

Mary Ellen alikua, akaolewa, akalea watoto wake na wa mumewe, na akafariki mwaka 1956 akiwa bibi mwenye miaka zaidi ya tisini. Tunapenda mujue hilo, kwa sababu visa vya namna hii mara nyingi huishia kaburini, na hiki hakikuishia huko. Kiliokolewa na jirani aliyefungua mdomo na mwanamke aliyekubali kurudishwa mlangoni bila kukata tamaa.

Lakini angalieni: Mary Ellen alikuwa na umri wa kujieleza. Alisimama mahakamani akasema mwenyewe. Mtoto wa miezi mitatu atamwambia nani?

Mkono wa mke wenye pete

Jibu lilianza Ujerumani, na wasomaji wetu maharusi watakipenda kipande hiki. Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, mwanasayansi Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi inayopenya nyama lakini ikazuiwa na mfupa. Siku chache kabla ya mwaka kwisha alimwita mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha. Picha ilipotoka, nyama ya mkono ilikuwa kivuli hafifu, mifupa ya vidole imesimama wazi, na kwenye kidole kimoja ikaonekana pete yake ya ndoa. Ndiyo picha iliyoifanya dunia ijue eksirei. Kitu cha kwanza ambacho mionzi hii ilikifichua kuhusu maisha ya nyumbani kilikuwa pete ya mke.

Haukupita muda hospitali nyingi zikawa na mashine hizo. Watoto walioanguka wakapigwa picha. Mifupa ikaanza kuonekana. Lakini kuona si kusadiki, na ilichukua nusu karne nyingine mpaka mtu akakaa akajiuliza picha zile zinasema nini.

Watoto sita wa Dokta Caffey

Mtu huyo ni John Caffey, aliyezaliwa Utah, Marekani, mwaka uleule wa 1895. Alikuwa daktari wa watoto kwanza, na elimu ya kusoma picha alijifundisha kwa kazi, katika hospitali ya watoto wachanga mjini New York. Kitabu chake juu ya picha za eksirei za watoto, kilichotoka mwaka 1945, kilisomwa na vizazi vya madaktari.

Mwaka 1946 alichapisha makala ambayo leo inatajwa kama mlango wa elimu hii. Ilihusu watoto wachanga sita. Wote waliletwa kwa sababu ya damu iliyokusanyika chini ya utando wa ubongo. Caffey alipowapiga picha za mikono na miguu alikuta mivunjiko 23. Baadhi ilikuwa mibichi, mingine imeanza kuunga, mingine ni ya zamani. Wazazi hawakuwa na kisa cha kuanguka kinacholingana na majeraha hayo. Mifupa yenyewe haikuwa na ugonjwa. Na kuna mtoto ambaye alipata mivunjiko mipya baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Tusimame hapo kidogo. Mfupa usio na maradhi hauvunjiki wenyewe. Mtoto asiyetambaa hajipeleki mahali pa kuangukia. Akilazwa hospitali anapona, akirudi nyumbani anavunjika tena. Msomaji wetu yeyote mwenye akili yake anaweza kumalizia sentensi hiyo. Caffey aliandika kwamba mivunjiko ile imetokana na nguvu kutoka nje, na akaonya kwamba mtoto mwenye damu ya namna ile kichwani achunguzwe mifupa, na mwenye mifupa ya namna ile achunguzwe kichwa. Kwa mtoto mmoja akataja kwamba suala la kuteswa kwa makusudi limejitokeza, ila ushahidi hautoshi kulithibitisha wala kulikanusha. Akaishia hapo, na nyumba zile zikabaki na sitara yake.

Sisi hatumlaumu sana. Fikiria uko kliniki, mbele yako amekaa mama aliyevaa vizuri, analia, amembeba mwanawe. Utamwambiaje?

Walioondoa muhali

Mwanafunzi wa Caffey, Frederic Silverman, aliyefanya kazi Cincinnati, alipiga hatua mbele mwaka 1953. Aliandika juu ya watoto watatu na akasisitiza jambo moja: daktari aulize, na aulize tena. Akiulizwa kwa upole na kwa uvumilivu, mara nyingi mlezi hukumbuka au hukiri kilichotokea.

Mwaka 1955 Paul Woolley na William Evans wa Detroit wakasema yale ambayo wengine waliyameza. Walipitia kumbukumbu za watoto wengi wenye mivunjiko isiyo na maelezo, wakaona kwamba mtoto akiondolewa katika nyumba ile, mivunjiko mipya hukoma. Ikiwa mahali pakibadilika maradhi yanakwisha, basi maradhi yako mahali, hayako mwilini mwa mtoto.

Kisha akaja C. Henry Kempe. Alizaliwa Breslau katika familia ya Kiyahudi, akakimbia utawala wa Hitler akiwa kijana, na akawa mkuu wa madaktari wa watoto katika chuo kikuu cha Colorado mjini Denver. Alichoka kuona wanafunzi wake wakiandika kila aina ya ugonjwa wa nadra kwenye faili la mtoto aliyepigwa. Mwaka 1961 aliandaa mjadala katika mkutano wa madaktari wa watoto mjini Chicago na akachagua jina la kuwashtua: hali ya mtoto aliyepigwa. Mwezi wa Julai 1962 yeye na wenzake wanne, akiwemo yule Silverman, walichapisha makala yenye jina hilo.

Walikuwa wameziandikia hospitali nyingi. Hospitali 71 zilijibu kwamba kwa mwaka mmoja zilipokea watoto 302 wa aina hiyo. Kati yao 33 walikufa na 85 walibaki na ubongo ulioharibika maisha. Makala ile haikuwahesabu watoto tu, iliwageukia madaktari wenyewe. Ilisema daktari huona tabu kuamini kwamba mzazi anaweza kufanya haya, na tabu hiyo ndiyo inayomrudisha mtoto kwenye hatari. Mgonjwa wa daktari ni mtoto, na wajibu wake wa kwanza ni kwa mtoto.

Kati ya mwaka 1963 na 1967 majimbo yote ya Marekani yalipitisha sheria za kumtaka daktari atoe taarifa anaposhuku. Hesabu wenyewe: kutoka Tardieu mwaka 1860 hadi Kempe mwaka 1962 ni miaka 102. Ushahidi ulikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kuvunja muhali.

Mifupa inasema nini

Sasa turudi kwenye swali la arobaini yetu. Kwa nini mwili mzima?

Kwa sababu mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi kuonesha panapouma, na mivunjiko mingi ya aina hii haioneshi alama yoyote kwenye ngozi. Picha moja kubwa ya mtoto mzima haitoshi, huwa hafifu. Hupigwa picha nyingi, ishirini hivi, kila kiungo kwa nafasi yake. Madaktari wanatazama mambo manne.

La kwanza ni pembe za mifupa mirefu karibu na goti, kifundo cha mguu na bega. Hapo ndipo mfupa wa mtoto unapokua, na sehemu ile mpya bado ni laini. Mtoto akivutwa mkono au mguu kwa nguvu na kusokotwa, au akitikiswa huku viungo vinarukaruka, kipande chembamba hukatika pembeni. Kwenye picha huonekana kama kona iliyomeguka, au kama mshikio wa ndoo. Daktari Paul Kleinman na wenzake walionesha mwaka 1986, kwa kulinganisha picha na mfupa wenyewe chini ya hadubini, namna mkato huu unavyopita kwenye mfupa mchanga. Kuanguka kitandani kwa kawaida hakuleti alama hiyo.

La pili ni mbavu, khasa upande wa nyuma karibu na uti wa mgongo. Mtu mzima akimshika mtoto kifuani kwa mikono miwili, dole gumba mbele na vidole vingine nyuma, kisha akabana, ubavu hupindishwa juu ya uti wa mgongo kama fimbo juu ya goti. Ubavu uliovunjika leo mara nyingi hauonekani leo. Huonekana baada ya wiki mbili hivi, pale mfupa mpya unapoanza kujikusanya kuunga. Ndiyo maana daktari huweza kukuambia umrudishe mtoto baada ya wiki mbili apigwe tena. Hakusahau kitu, wala hatafuti kukusumbua.

La tatu ni umri wa mivunjiko. Mfupa wa mtoto huanza kuweka utando mpya baada ya wiki moja au mbili, kisha huwa na fundo la kuungia, kisha kwa miezi hujinyoosha. Kwa hiyo picha ni kama kalenda. Mvunjiko mmoja mbichi, wa pili wa wiki tatu na wa tatu wa miezi miwili haviwezi kuelezwa kwa anguko moja la jana usiku.

La nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni kulinganisha picha na maneno. Mtoto anayeanza kutembea akivunjika muundi kwa kujisokota mguu, hilo ni jambo la kila siku, na linatokea hata kwa mtoto anayechungwa kama yai. Lakini mfupa wa paja uliovunjika kwa mtoto wa miezi miwili ambaye hata kugeuka hajaweza unahitaji maelezo mazito. Na michubuko kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni dalili ya kutazamwa, hata ikiwa midogo kama doa la wanja.

Tusiwadhulumu wazazi

Wapenzi, historia hii ina upande wa pili, na kuuficha ni dhulma nyingine. Qurani inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Madaktari wazuri nao wanafanya hivyo, kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika bila mkono wa mtu mbaya.

Wapo watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa mifupa myepesi, inayovunjika kwa kuvalishwa nepi tu, na baadhi yao weupe wa macho yao huwa na rangi ya buluu. Wapo wenye matege kwa kukosa vitamini D, ambao ncha za mifupa yao huonekana zimechanguka. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwa na mifupa dhaifu. Mtulinga huweza kuvunjika wakati wa kuzaliwa kwenyewe, khasa kwa mtoto mkubwa aliyepita kwa shida. Na mtoto wa mwezi mmoja hadi minne huweza kuwa na mstari wa mfupa mpya kandokando ya mifupa mirefu ambao ni ukuaji tu.

Kwa hiyo picha peke yake haihukumu. Hupimwa damu, huulizwa historia ya uzazi na ya ukoo, hutazamwa macho na ubongo, na huitwa daktari wa picha aliyebobea katika watoto.

Kuna funzo pia katika kisa cha daktari wa upasuaji wa ubongo Norman Guthkelch wa Hull, Uingereza. Mwaka 1971 alieleza kwamba kumtikisa mtoto, bila hata kumpiga, huweza kukata mishipa midogo ya damu kichwani, nje kusionekane alama. Mwaka uliofuata Caffey, akiwa mzee sasa, aliandika juu ya jambo hilohilo na kulieneza. Maarifa hayo yameokoa watoto. Lakini Guthkelch alipofikia uzeeni alijitokeza kusema kwamba ana wasiwasi, kwamba baadhi ya mahakama zinawafunga watu kwa dalili za kichwani peke yake bila kutafuta sababu nyingine. Mtu aliyefungua mlango ndiye aliyeonya watu wasiupite kwa pupa. Elimu yenye hofu ya Mungu huwa hivyo.

Arobaini ikiisha

Maharusi wetu, na nyinyi munaotarajia, kuna jambo katika historia hii linalowahusu kuliko madaktari. Kempe hakuishia kwenye sheria. Aliona kwamba wengi wa wazazi wale hawakuwa mashetani. Walikuwa watu waliochoka, wapweke, wasiolala, wengine walilelewa kwa kipigo na hawakujua njia nyingine. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake wa Denver wakawatuma watu wa kawaida waende nyumbani kwa wazazi walio taabuni, wakae nao na kuwasikiliza. Akatetea pia kwamba kila mama aliyejifungua atembelewe na mtu wa afya.

Tuliposoma hayo tulicheka kidogo. Bibi zetu walikuwa na jambo hili kabla ya Denver. Mzazi wa kwetu huwekwa ndani siku arobaini, hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, mtoto huchukuliwa apumzike. Lakini tulipoangalia kalenda, kicheko kikatutoka. Kilio cha mtoto mchanga hupanda wiki hadi wiki, na kwa watoto wengi hufika kileleni kwenye wiki ya sita hadi ya nane. Siku arobaini ni wiki sita kasoro siku mbili. Maana yake ni kwamba mama anaondoka, mkandaji anaondoka, wageni wanakwisha, mume anarudi kwenye pilikapilika zake, na wakati uleule ndipo mtoto anapolia kuliko wakati wowote wa maisha yake. Binti wa miaka ishirini na mbili yuko peke yake ghorofani saa tisa ya usiku na mtoto asiyenyamaza.

Basi tunaomba yafuatayo yawe katika mafunzo ya somo kama yalivyo mafunzo ya udi na vikuku.

Mtoto akilia na umeshamnyonyesha, umembadilisha na umemtazama hana homa, na wewe unahisi mikono inatetemeka, mlaze chali mahali salama, toka chumbani, tia udhu, kunywa maji. Dakika chache za kulia hazimuui mtoto. Kumtikisa mara moja kunaweza. Mwambie mumeo hili kabla ya kujifungua, na mwambie kila atakayeachiwa mtoto: dada wa kazi, mdogo wako, mama wa kambo. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiifupisha sala aliposikia mtoto analia, kwa kujua uzito unaompata mama yake. Ikiwa sala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya mama, basi na ziara za shangazi zirefushwe kwa ajili yake. Mutembeleeni siku ya hamsini, si ya tatu tu.

Mtoto akiumia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hatuwadharau wanaounga viungo, wapo wenye mikono ya baraka, lakini mkandaji hawezi kuona ubavu wa ndani, na kukanda mfupa uliovunjika huongeza jeraha. Sema kilichotokea kama kilivyotokea. Ikiwa hukuwepo, sema hukuwepo. Kisa kinachobadilika kila kikisimuliwa ndicho kinachowatia daktari shaka.

Na ukiona kwa jirani, kwa dada yako, au ndani ya nyumba yako mwenyewe mtoto anaumia mara kwa mara, usiseme ni siri ya nyumba. Sitara ni kwa aibu ya mtu iliyopita, haikuwekwa kuufunika mkono ambao kesho utapiga tena. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuisimamie haki na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Muhali hauna nafasi mbele ya aya hiyo. Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, tunavyo vituo vya Mkono kwa Mkono kwenye hospitali, na simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116. Ukishindwa kabisa kuanza, anza kwa sheha au kwa mtu mzima unayemwamini, lakini anza.

Mumesubiri kujua yule mtoto wa arobaini. Picha zilitoka: mvunjiko mmoja tu, kwenye muundi, wa kusokoteka, umri wake siku tano, sawasawa na alivyosema mama. Mbavu salama, mikono salama. Daktari aliwaeleza, akafunga plasta, wakaenda zao. Mkwe bado kakasirika mpaka leo, na sisi tumemwambia kwa heshima yake yote: kuulizwa si kushtakiwa. Maswali yale yale yaliyomuudhi yangeulizwa Paris mwaka 1861, watoto wangapi wangekua wakawa mabibi wa watu?

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu, awape nguvu mama zao usiku wa kilio, na atuondolee muhali katika haki. Wabillahi tawfiq.